Chupa Iliyoachwa Dirishani

Nianze na kosa la shikamoo, maana wivu wangu ulizaliwa hapo na sitaki mtu aje kusema nimeficha mwanzo.

Asubuhi hiyo nilikuwa koridoni kwenye maabara yetu, ghorofa ya kwanza, nikimsubiri mgonjwa aliyetumwa na hospitali ya jirani aje kutolewa kipande cha ngozi. Mlango wa ngazi ukafunguka, akaingia mama mmoja mfupi, kichwa kizima mvi, ngozi ya uso imekauka na kukaza, miwani minene, mkono mmoja ameegemea ukuta. Nilipiga hesabu ya haraka nikampa miaka sabini. Mimi nina hamsini na moja na nimelelewa vizuri, kwa hiyo nikainama kidogo nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Halafu akacheka, kwa sauti nyembamba kama ya mtoto, mpaka miwani ikamshuka puani. "Ila dada, mimi nina thelathini na sita."

Nyuma yangu alikuwepo msichana mpya, fundi wa maabara kama mimi, ana wiki ya pili tu kazini. Akanipita ubavuni na mkono ameshaunyoosha. "Habari yako, dada? Pole na ngazi. Karibu ndani ukae." Alikuwa amesoma faili. Mimi sikulisoma, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa sijawahi kujishughulisha na faili la mtu. Mimi nasoma seli. Mgonjwa akamshika mkono wakaingia wakiongea kama watu waliosoma darasa moja, nami nikabaki koridoni na shikamoo yangu. Roho iliniuma, nasema kweli.

Pale kazini wananiita Mama Hadubini. Sikujipa jina hilo. Walinipa wenzangu kwa sababu nikiinamia hadubini naweza kukuambia kama seli zina njaa, zimebanana au zimechoka, kabla mashine yoyote haijatamka. Kazi yetu ni kufuga seli. Tunachukua kipande cha ngozi ya mtu, kidogo kama punje ya mchele, tunakilaza kwenye chupa bapa ya plastiki, tunakimiminia maji ya rangi ya waridi yenye sukari na vitamini ambayo wenyewe tunayaita supu, tunaiweka chupa kwenye sanduku la joto. Baada ya wiki mbili tatu, seli zinatambaa kutoka kwenye kile kipande na kutanda chupa nzima. Ukizilisha vizuri zinaishi na kuzaana huku mwenyewe yuko nyumbani anafua.

Mgonjwa wetu alikuwa fundi cherehani, na tangu siku hiyo tulimwita Fundi. Alikuwa amerithi kasoro moja, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mkuu wa maabara, daktari mwenye kitambi na subira nyingi, alimweleza mbele yetu kwa maneno mepesi. Ndani ya kila seli kuna DNA, uzi mrefu wa urithi. Uzi huo hukatika hapa na pale kila siku, kwa jua, kwa moshi, kwa kuishi tu, na mwili una mafundi wa kuushona. Kwako, akamwambia, fundi mmoja hayupo, ndiyo maana uzee umekuja kabla ya wakati.

"Haya," Fundi akasema, "miaka kumi na tano nawashonea watu, kumbe ndani mwangu mwenyewe cherehani ni mbovu."

Tulicheka wote. Msichana mpya alicheka mpaka akajifuta macho, na alipomaliza kucheka aliendelea kujifuta.

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hili. Fundi alikuwa na uvimbe mbaya pajani, na hospitali ilipanga kuanza kumtundikia dripu ya dawa kali Jumanne ya mwisho wa mwezi uliofuata. Dawa ile huua uvimbe kwa kuukatakata uzi wa DNA. Mtu mwenye mafundi wake wote huumwa wiki moja, nywele zikamtoka, akapona. Fundi je? Hakuna aliyejua. Daktari wa hospitali alikuwa mtu wa utaratibu: tukimthibitishia kwamba seli za Fundi hazihimili, angepunguza dozi au angesubiri; tusipompa kitu, angetoa dozi ya kila mtu kwa tarehe iliyopangwa, kwa sababu uvimbe nao hausubiri. Na dozi ya kila mtu ingeweza kummaliza Fundi kabla ya kuumaliza uvimbe. Kwa hiyo tulitakiwa tukuze seli zake, tuzidondoshee dawa ile kidogo kidogo chupani, kisha tuhesabu ngapi zimebaki hai.

Ili upime seli za mgonjwa unahitaji za mtu mwenye afya za kulinganisha nazo. Hizo zilikuwa zangu. Nilitoa ngozi yangu miaka mitano iliyopita, kovu ninalo hapa ndani ya mkono wa kushoto, na chupa zangu zimeandikwa kwa kalamu nyeusi neno moja: MZIMA. Ni nani mwingine katika jengo lile anaweza kufungua sanduku la joto akajikuta mwenyewe ndani, ametanda chupa sita, anang'aa? Nilikuwa najionea fahari, sikatai.

Kutoka kwa Fundi tulipata vipande vinne. Kazi ya kuvikuza nilipewa mimi kwanza, kama ilivyostahili. Seli za kipande cha kwanza zilikufa siku ya sita. Za kipande cha pili zilifika nusu ya chupa, zikajikunja, zikang'oka, zikaelea. Sijawahi kufiwa na chupa mbili mfululizo tangu niajiriwe. Mkuu akanivuta pembeni, karibu na beseni la kunawia.

"Mama Hadubini, hebu tumwachie mdogo wako ajaribu."

Mdogo wangu! Mama yangu alizaa watoto watatu, na yule hayumo.

Jambo la kwanza alilofanya huyo mdogo wangu ni kuzima taa. Makabati yetu ya kufanyia kazi yana kioo mbele, hewa safi inayovuma, na taa nyeupe kali juu. Yeye alizima taa ya kabati, akateremsha pazia la dirisha, akafanya kazi kwa mwanga mdogo wa koridoni. Chupa yake ya supu aliizungushia foili kuanzia shingoni mpaka miguuni kama kiazi cha kuchoma. Nilipomuuliza, alinijibu kwa heshima zote.

"Dada, supu ikikaa kwenye mwanga, vitamini zilizomo zinageuka, zinatengeneza sumu kidogo. Seli za kawaida hazijali, zinajishona. Hizi za Fundi haziwezi. Nilikofundishwa tulikuwa tunafunika zote."

"Hapa tunawasha taa," nikamwambia. "Anayefanya kazi gizani huwa na la kuficha."

Akarudi kwenye chupa zake. Siku hiyohiyo nikambandika jina la Bi Giza, na kufikia mchana jengo zima lilikuwa linamwita hivyo. Yeye alilipokea, hata akaliandika kwenye kikombe chake cha chai. Mtu wa namna hiyo utamchukia vipi na akachukika?

Seli zikaota. Ndani ya wiki nne kipande cha tatu kilikuwa kimezaa chupa kumi na mbili za seli za Fundi, nyembamba, za polepole, zenye umbo la kuchoka, lakini hai. Mkuu alikuwa akipita pale kila asubuhi, anainamia hadubini yangu, ndiyo, yangu, na kusema, "Ajabu, ajabu." Kiti changu cha mzunguko nikakikuta kimeshushwa kwa sababu Bi Giza ni mfupi wa miguu na anapenda kukaa chini. Nikakipandisha. Kesho yake kimeshushwa. Hata seli zangu mwenyewe alikuwa akizilisha yeye sasa, kwa maana kanuni ya kipimo inataka mkono mmoja na supu moja kwa chupa zote, za mgonjwa na za mzima. Nilizichungulia nikitumaini zimedhoofika. Zilikuwa zimenawiri kuliko nilivyozilisha mimi.

Na Fundi naye alikuwa wake. Kila alipopita kuelekea hospitali alipanda kwanza kwetu, akakaa kwenye benchi la koridoni, wakacheka pamoja. Mimi alinisalimia, "Hujambo dada," kwa upole, basi. Nilijua kosa ni langu, nilimpa miaka sabini usoni pake. Lakini wivu haukuulizi kosa ni la nani.

Siku niliyofanya niliyoyafanya ilikuwa Jumatano, siku sita kabla ya dripu. Mpango ulikuwa hivi: Jumatano mchana Bi Giza azilishe chupa zote supu mpya, Alhamisi aanze kudondosha dawa, Jumatatu tuhesabu, jibu liende hospitali. Saa saba wote walishuka kula. Mimi nilikuwa nimebeba chakula changu kutoka nyumbani, nikabaki. Chupa ya supu ilikuwa mezani, imevikwa foili yake, inapata joto la kutosha kabla ya kazi.

Niliitazama. Nikajiambia ile foili ni madoido, ni namna ya kujishaua, ya kutufanya sisi wengine tuonekane watu wa zamani. Nikajiambia seli zake zimeota kwa bahati. Basi nikaivua foili taratibu isichanike, nikaiweka chupa dirishani, nikavuta pazia pembeni, jua la saa saba likaingia lote. Nikakaa nikala wali wangu huku nikiiangalia. Supu iling'aa vizuri sana, rangi ya waridi tupu. Nilipanga kwamba seli zikiendelea kuishi, nitasimama mbele ya Mkuu niseme, jamani, mlidanganywa na kipande cha foili. Hayo ndiyo niliyoyapanga. Kwamba zingeweza kufa sikujiuliza, au nilijiuliza nikameza na tonge.

Saa saba na dakika hamsini nikasikia viatu kwenye ngazi. Nikairudisha mezani, nikaivika foili yake, mikunjo ileile mahali pake. Bi Giza akaingia, akanipa chungwa moja alilonunua chini.

"Nimekuletea, dada. Uko peke yako kila siku."

Nililichukua. Nililila pia.

Alhamisi asubuhi nilikuta amesimama mbele ya sanduku la joto, mlango wazi, jambo ambalo hatufanyi kamwe kwa sababu joto linatoka. Chupa zangu sita zilikuwa zimetanda, safi, MZIMA, MZIMA, MZIMA. Chupa za Fundi zilikuwa na supu yenye ukungu. Nilimsogeza nikaziinamia kwa hadubini, moja baada ya nyingine, zote kumi na mbili. Seli zilikuwa zimejikunja kuwa vidonge, zimeng'oka, zinaelea. Tone moja la dawa lilikuwa halijadondoshwa bado.

"Nimefanya nini?" Bi Giza aliniuliza. Aliniuliza mimi. "Dada, wewe una jicho. Nimekosea wapi?"

Nilisema, "Mikono huteleza." Nataka ijulikane kwamba ndivyo nilivyosema, na kwamba katikati ya hofu niliyokuwa nayo palikuwa na kipande kidogo cha raha.

Mkuu alikuja, akainama, safari hii hakusema ajabu. Kipande cha nne kilikuwepo kwenye tangi la baridi kali, lakini kukikuza ni wiki tatu kwa uchache, na Jumanne ilikuwa imebakiza siku tano tu. Akampigia daktari wa hospitali. Tulisikia upande wake tu. "Zimekufa kabla ya kipimo... Hapana, hatuwezi kusema ni kwa sababu ya ugonjwa, huenda ni uangalizi... Naelewa. Naelewa." Akakata simu, akatuambia dozi itatolewa kama ilivyopangwa. Hakuna sababu ya kuahirisha.

Jioni nyumbani nilimsimulia mume wangu, ambaye ni fundi wa mafriji na hupenda kula bila kuzungumzishwa. Nilimwambia Bi Giza ameua chupa zote kumi na mbili, na kwamba zangu sita, zilizolishwa supu ileile, ziko salama.

"Tangu huyo msichana aje," akasema, "tunakula jina lake asubuhi na jioni hapa. Leo kaharibu, na uso wako haujafurahi. Kulikoni?"

"Nimechoka tu."

"Mimi nikiitwa kwa mtu, nikikuta friji la chini limezima na la juu linafanya kazi, na umeme ni mmoja, siulizi friji lina nini. Nauliza nani kapita hapa." Akaendelea kula. Baada ya tonge mbili akaninyooshea kijiko. "Mama watoto, umepita hapo?"

Nikaondoa vyombo mezani kabla hajamaliza. Aliniacha niviondoe, na hakuuliza tena, jambo lililonichoma kuliko kama angeuliza.

Ijumaa Fundi alikuja. Alikuwa hajaambiwa lolote. Alidhani seli zake bado zinakula supu. Alikaa kwenye benchi akapumua kwa ngazi, kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki vitu vitatu vyeusi. Vilikuwa vifuko vya kitambaa kizito, virefu, vyenye kamba ya kukaza shingoni.

"Huyu mwenzenu aliniambia chupa zinaogopa mwanga, mnazifunga foili inachanika. Nikasema mimi ni fundi, nitakosaje kuzishonea nguo?" Akampa Bi Giza kimoja, kimoja akasema ni cha Mkuu. Cha tatu akanipa mimi. "Hiki chako, dada. Ameniambia wewe ndiye uliyetoa ngozi yako ili zangu zipate za kulinganishwa nazo. Nikasema kumbe tuko pamoja kwenye sanduku, na hata hatuongei. Samahani kwa mshono, macho yangu sasa uzi siuoni vizuri. Hicho chako nimekishona mara mbili."

Mshono ulikuwa umekwenda upande, ukafumuliwa, ukarudiwa. Matundu ya sindano ya kwanza yalikuwa yanaonekana. Nikaangalia mikono yake, yenye mishipa ya bibi kizee, na nikakumbuka Jumanne. Bi Giza alikuwa amegeukia dirishani, anajaribu kutafuta namna ya kumwambia kwamba amemharibia. Yeye! Alikuwa anataka kuomba msamaha wa kosa langu, na angeomba vizuri, na Fundi angemsamehe, na wangelia wamekumbatiana hapo kwenye benchi, na mimi nisingekuwemo.

Sijui kama ni huruma iliyoninyanyua au ni wivu uleule. Nadhani vilikuwa vyote viwili, na sioni haya kusema sikuweza kuvitenganisha. Nikanong'ona, "Usimwambie kitu. Njoo," nikamshika Bi Giza mkono, nikaingia naye kwa Mkuu bila kubisha hodi.

Mkuu alikuwa anaandika ripoti. Nikaongea nikiwa nimesimama.

"Jumatano saa saba niliivua foili chupa ya supu nikaiweka dirishani. Halafu nikairudisha nikaifunika. Yeye hakujua."

Kalamu ikasimama. Nilitegemea anifokee. Aliuliza, "Kwa muda gani?"

"Dakika hamsini."

"Jua?"

"La kuunguza."

"Na chupa hiyohiyo ndiyo iliyolisha seli zako?"

"Hiyohiyo. Zangu hazikufa hata moja."

Mimi nilikuwa nasubiri adhabu, Mkuu alikuwa anasubiri hasira zake zifike, na Bi Giza ndiye aliyenyanyua kichwa. Macho yalikuwa bado mekundu, lakini tayari alikuwa anafikiri.

"Supu moja," akasema polepole. "Mchana mmoja. Mkono mmoja. Za mzima zimehimili, za Fundi zimekufa zote, kwa sumu ndogo ya mwanga wa dirishani tu. Daktari, hiki ni kipimo! Siyo kile tulichokipanga, lakini kinatosha kuomba wasubiri. Kama mwanga umeziua, dawa ya dripu itamfanya nini?"

Hata dhambi yangu, yeye ndiye aliyeielewa kwanza.

Mkuu alishanyanyua simu. Alipiga, akaeleza, akaelezwa, akaeleza tena, mara hii kwa sauti ya juu. Kisha akaniangalia. "Anataka kujua kama aliyeiweka chupa dirishani yuko tayari kuandika na kutia sahihi. Bila maandishi anasema ni hadithi tu." Nikavuta karatasi ya ripoti kutoka mbele yake, nikaigeuza upande wa pili, nikaandika. Niliandika saa, dakika, jua, mikunjo ya foili niliyoirudisha. Niliandika pia kwamba niliambiwa mapema juu ya mwanga na sikutaka kusikia. Nikatia sahihi chini, ikasomeka.

Dripu ya Jumanne iliahirishwa wiki nne.

Tulipotoka ofisini Bi Giza alisimama koridoni, Fundi akiwa mwisho wa benchi hasikii. Nilidhani atanishukuru kwa kusema, mimi na upumbavu wangu. Uso ulikuwa umemkaza.

"Dada, ungeniambia huamini, ningekupa chupa nyingine uiweke dirishani, tukaangalia wote. Kwa nini hukuniambia?"

Sikuwa na jibu la heshima, nikampa la kweli. "Nilikuonea wivu."

"Mimi?" Alinitazama kama mtu aliyesomewa faili la mtu mwingine. "Mimi nilikuja hapa kwa sababu yako. Nilikofundishwa walikuwa wanasema kuna mama huko anaona njaa ya seli kwa macho." Akaondoka, akaenda kukaa na Fundi, akamwambia yote. Sijui alimwambiaje. Mimi nilijifungia stoo.

Nilipewa barua ya onyo na miezi sita ya kuosha vyombo, mbali na makabati. Bi Giza alikiotesha kipande cha nne, gizani, kwa supu iliyovikwa nguo nyeusi. Wiki tatu na siku mbili baadaye alidondosha dawa, na Jumatatu akahesabu. Robo ya dozi ya kawaida iliangusha seli nyingi za Fundi kuliko dozi nzima ilivyoangusha zangu. Hospitali ikaanza na dozi ndogo kuliko hiyo robo, kwa mwendo wa pole, na kitanda cha kulazwa kikiwa tayari. Ile dozi ya kila mtu, daktari wa hospitali alikiri kwa mdomo wake, Fundi asingeivuka.

Jana nilikuwa nasukuma toroli la chupa za kuoshwa koridoni. Mlango wa ngazi ukafunguka, akaingia Fundi, kitambaa kichwani, amekonda, anatembea kwa fimbo, lakini anatembea. Ametoka kumaliza dripu ya tatu. Tangu ile Ijumaa tulikuwa hatujaonana. Nikasimama na toroli langu katikati, sina pa kupita.

Alinikagua muda mrefu kupitia ile miwani. Najua alikuwa anajua. Mtu aliyekaribia kumuua alikuwa mbele yake amevaa glavu za kuoshea. Kisha akainamisha kichwa, taratibu, kama mdogo anavyomwinamia mkubwa wake.

"Shikamoo, dada."

Wadogo zangu wote, watoto wa majirani, wanafunzi wa mafunzo, wamenipa shikamoo maisha yangu yote na sijawahi kushindwa kuipokea. Jana marahaba haikutoka. Alisubiri. Hakunisaidia, hakucheka, alisubiri tu mpaka nikaitoa.

"Marahaba, mdogo wangu."

Akatikisa kichwa kukubali, akanipita, akaingia chumba cha makabati. Mlango ukafungwa na punde nikawasikia wanacheka, yeye na Bi Giza, na wivu ukanipanda kama siku ya kwanza, palepale, sijapona. Chini ya mlango hapakuwa na mwanga. Kwa miaka kumi na tisa mlango ule nilikuwa naufungua kwa kuusukuma na nyonga, mikono imejaa. Nikaweka toroli pembeni, nikavua glavu, nikabisha hodi, nikasubiri niambiwe karibu.